Thamani ya bima ya Datsun 240Z iliyofanyiwa marekebisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyohiyo. Ndiyo maana gari hili lina wapenzi wengi Kenya, na ndiyo maana wengi waliolipata hawakuliacha lilivyo: wamebadilisha injini, breki, giaboksi, viti, rimu. Siku ya kukata bima ikifika, swali ni lilelile: gari hili liandikwe thamani ya shilingi ngapi? Majibu yaliyo hapa yamelenga mwenye 240Z nchini Kenya, lakini mwenye Escort, Alfa au Porsche ya zamani atakuta mengi yanamhusu pia.

Thamani ya bima ni nini hasa?

Ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni inaweza kukulipa gari likiibwa, likiungua au likigongwa hata lisiweze kutengenezwa. Zingatia neno "inaweza". Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba si lazima kiwe ndicho utakachopokea. Utakachopokea kinategemea msingi wa thamani uliotumika, na mikataba ya magari hutumia mmoja kati ya miwili.

Wa kwanza ni thamani ya soko. Gari likiangamia, kampuni inatafuta gari kama lako lingeuzwa kwa bei gani siku moja kabla ya ajali, kisha inalipa bei hiyo. Namba iliyo kwenye mkataba ni dari tu: hailipi zaidi ya hapo, lakini inaweza kulipa pungufu.

Wa pili ni thamani iliyokubaliwa. Wewe na kampuni mnaafikiana mapema, kwa maandishi, kwamba gari likiangamia utalipwa kiasi fulani. Baada ya ajali hakuna tena mabishano juu ya bei.

Mikataba mingi ya magari ya kawaida nchini Kenya imejengwa juu ya thamani ya soko. Kwa Toyota Axio hakuna neno, kwa sababu Axio zinauzwa kila siku na bei yake inajulikana. Kwa 240Z iliyobadilishiwa injini ikawekwa L28 iliyo kubwa zaidi, na kabureta tatu za Weber, soko hilo halipo. Anayekuja kukadiria hasara atajaza pengo kwa alichonacho mkononi, na alichonacho mara nyingi ni mwaka wa gari tu: 1972. Kwa macho yake hilo ni gari kuukuu la zaidi ya miaka hamsini.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kama gari lako ni la aina hii, dai thamani iliyokubaliwa, na hakikisha maneno hayo yamo ndani ya mkataba wenyewe au kwenye nyongeza iliyosainiwa. Barua pepe ya wakala inayosema "usijali, tumeelewana" haitoshi.

Nimetumia zaidi ya milioni sita kulitengeneza. Si niandike milioni sita?

Hapana, na hapa ndipo wenye magari huumia rohoni. Pesa uliyotumia ni ushahidi, lakini si thamani. Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hiyo ilienda kulirudisha gari mahali lilipopaswa kuwa. Kukata kutu, kuchomelea sakafu mpya na kupiga rangi ni kazi inayoligeuza gari bovu kuwa gari zima. Mthamini anapoanza na bei ya 240Z iliyo nzima, kazi hiyo tayari imo ndani ya bei. Ukiiongeza tena umeihesabu mara mbili.

Ya pili: kila kifaa ulichofunga kimechukua nafasi ya kingine. Bei ya gari zima inajumuisha injini, giaboksi na breki zake. Ukiongeza injini mpya kwenye hesabu bila kupunguza ile iliyotolewa, unadai gari lenye injini mbili.

Ya tatu ni ladha. Kuna marekebisho ambayo mnunuzi mwingine angeyalipia, na kuna ambayo angemlipa fundi ayaondoe.

Nionyeshe hesabu yenyewe basi.

Namba hizi ni za mfano tu. Usizipeleke kwa mthamini kama bei za soko. Angalia njia ya kufikiri.

Tuseme ulinunua gari kwa 2,200,000. Bodi na rangi vikala 1,500,000. Injini ya L28 na kabureta, pamoja na kazi ya fundi, 1,150,000. Breki na sasipensheni 480,000. Giaboksi ya gia tano 160,000. Viti na mapambo ya ndani 310,000. Rimu na tairi 350,000. Umetoa mfukoni 6,150,000.

Sasa mthamini anaanza upya kutoka upande mwingine. 240Z iliyo nzima, yenye injini ya kiwandani na rangi nzuri, anaikadiria 3,800,000. Humo mna ununuzi wako na kazi yote ya bodi. Kisha anaongeza tofauti, si gharama: injini 800,000, breki na sasipensheni 350,000, giaboksi 120,000, rimu na tairi 250,000, ndani 130,000. Jumla inakuwa 5,450,000.

Umepoteza laki saba kati ya ulichotumia na kinachothaminiwa. Inauma, lakini namba hiyo inaweza kutetewa mbele ya mtu yeyote, kwa sababu kila sehemu yake ina maelezo. Milioni sita na ushee ya risiti zilizojumlishwa haitetewi kirahisi hivyo.

Kumbuka pia kwamba hesabu inaweza kukupendelea. Mtu aliyelinunua gari zamani kwa bei ya kutupa akalitengeneza taratibu anaweza kukuta thamani ya leo imezidi kila alichowahi kulipa. Huyo naye asiandike gharama yake, aandike thamani.

Niliona mtandaoni 240Z imeuzwa Marekani kwa dola 310,000. Kwa nini yangu isifuate?

Ni kweli, gari hilo liliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer Januari 2020. Lakini liliuzwa hivyo kwa sababu lilikuwa karibu kama lilivyotoka kiwandani, likiwa limetembea kidogo sana kwa umri wake. Hiyo ndiyo sifa ambayo gari lililofanyiwa marekebisho haliwezi kuwa nayo, hata marekebisho yawe mazuri kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo ni la Kenya hasa. Sehemu kubwa ya 240Z zilizotengenezwa zilipelekwa Marekani, zikiwa na usukani upande wa kushoto. Kenya haisajili kwa kawaida magari ya usukani wa kushoto, na gari lililotumika likizidi umri wa miaka minane haliingizwi chini ya kanuni za kawaida za uagizaji. Kwa hiyo bei ya Marekani ni bei ya soko ambalo huwezi kununua kutoka kwake. Haikupandishii thamani moja kwa moja, wala ukiona moja imeuzwa rahisi huko haipaswi kukushushia.

Mwonyeshe mthamini hoja hii kutoka upande wa pili: kwa kuwa gari la kuchukua nafasi ya lako haliwezi kuagizwa tu kama Subaru, lazima litafutwe miongoni mwa machache yaliyomo nchini, na kisha lijengwe. Uhaba huo ni sehemu halali ya thamani. Bei za kulinganisha zenye uzito zaidi ni za mauzo ya humu humu nchini, hata kama ni mawili tu, mradi kuna hati ya mauzo na si bei ya tangazo. Baada ya hapo tazama nchi zenye usukani wa kulia kama Uingereza, Australia na Japani.

Marekebisho gani yanaongeza thamani na gani yanapunguza?

Kigezo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: je, gari linaweza kurudishwa lilivyokuwa bila kukata wala kuchomelea? Rekebisho linaloweza kuondolewa kwa spana halidhuru. Likiwa zuri linaongeza, likiwa baya mnunuzi anajua litaondoka. Rekebisho lililokatwa ndani ya bodi ni la kudumu, na soko huliadhibu isipokuwa limefanywa kwa ustadi na kwa sababu inayoeleweka.

Injini ya L28 ni mfano mzuri. Ni ya ukoo mmoja na L24 ya kiwandani: L24 ina ujazo wa cc 2,393, L28 ina cc 2,753, na inakaa palepale bila kuigusa bodi. Wapenzi wa gari hili wanaikubali karibu kila mahali. Kabureta tatu za Weber au Mikuni pia zina heshima yake. Ukienda kwa injini ya V8 ya Kimarekani au RB26 ya Nissan Skyline, gari linaweza kuwa na kasi ya kutisha na mnunuzi wake akawepo, lakini ni mnunuzi mwingine kabisa, na mthamini lazima alitazame kama gari lililojengwa upya. Hapo ubora wa kazi ndio kila kitu: vikalio vya injini vimechomelewa vipi, mtambo wa kupoza unatosha kwa joto la Mombasa, shafti na difu vinahimili nguvu hiyo?

Breki bora, waya mpya za umeme, tangi la mafuta lisilo na kutu na mikanda ya usalama ya kisasa huongeza thamani kwa utulivu. Hazionekani kwenye picha, kwa hiyo zisemee wewe.

Marekebisho ya rali yana hadhi ya pekee hapa kwetu. Sasipensheni iliyoinuliwa na kuimarishwa, bamba la kukinga injini kwa chini, taa kubwa za mbele, fremu ya chuma ya kumkinga dereva: nchi nyingine mnunuzi angejiuliza ni za nini, Kenya zinatambulika, na tangu East African Safari Classic ianze mwaka 2003 kuna mafundi na madereva wanaojua gharama yake. Mthamini asiyejua rali atazipa sifuri. Tafuta anayejua.

Kinachopunguza: madigadi ya fibaglasi yaliyogundishwa juu ya chuma kilichokatwa, matundu yaliyotobolewa kwenye dashibodi kwa ajili ya redio, rangi iliyopigwa juu ya kutu. Hilo la kutu lina uzito kuliko kabureta zote. Kwenye 240Z mthamini makini ataenda moja kwa moja kwenye kikalio cha betri, sakafu, reli za chini, kingo zilizo chini ya milango na ukingo wa mlango wa nyuma. Gari lililolala Nyali au Malindi miaka mingi lichunguzwe mara mbili, maana chumvi ya bahari haina huruma.

Yangu imepakwa rangi nyekundu na boneti jeusi kama gari la Safari. Inahesabika?

Ni rangi nzuri na inapendwa. Lakini ni rangi. Gari lililoshinda mwaka 1971 limo kwenye hifadhi ya Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, huko Japani. Mtu akikuuzia "gari la Safari" na kukutaka ulipie historia, historia hiyo iwe na karatasi: namba ya chesi, hati za mashindano, picha za wakati ule zenye namba ya usajili inayolingana. Bila hizo, mthamini ataliita "mfano wa gari la rali", na atakuwa sahihi.

Injini ya zamani ya L24 iko stoo. Niiuze?

Tafadhali usiiuze. Kama namba yake inalingana na hati za awali za gari, hiyo ni sehemu ya thamani ya gari hata ikiwa imelala chini ya turubai. Mnunuzi wa kesho anaweza kulirudisha gari katika hali yake ya kiwandani, na uwezekano huo unalipiwa. Vivyo hivyo kabureta zake za Hitachi, usukani, rimu za chuma na kofia zake.

Lakini elewa kwamba bima ya gari inalinda gari, pamoja na vilivyofungwa juu yake. Injini iliyoko stoo, gereji ikiungua, haitalipwa chini ya mkataba huo isipokuwa imetajwa. Omba iorodheshwe kama nyongeza kwa kiasi chake, au iingize kwenye bima ya vitu vya nyumbani.

Mthamini nimpate wapi, na nimpelekee nini?

Kwa kawaida kampuni ya bima hukupa barua ya kwenda kwa mthamini aliye kwenye orodha yake, na kwa gari la kawaida tathmini huisha kabla chai haijapoa. Kwa 240Z hiyo haitoshi. Uliza kwanza kama ameshathamini magari ya kale. Kama hajawahi, iombe kampuni ikubali ripoti ya mwingine mwenye uzoefu, hata ikibidi ulipe mwenyewe. Walioko kwenye mashindano ya unadhifu wa magari ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yanayoandaliwa na Alfa Romeo Owners Club, wanajuana. Ukiuliza pale utatajiwa nani anayejua.

Usiende mikono mitupu. Mthamini hawezi kuandika asichokiona, na nusu ya thamani ya gari hili imejificha. Mpelekee faili lenye logibuku, risiti za vifaa, karatasi za ushuru wa forodha, ankara za fundi zenye mhuri, na picha za kila hatua: sakafu ilipokuwa imekatwa, chuma kipya kilipochomelewa, injini ilipokuwa wazi. Picha ya bodi tupu kabla ya rangi ina nguvu kuliko maneno ya fundi yeyote. Kama ulilipa kwa M-Pesa bila risiti, chapisha taarifa ya malipo na umwombe fundi aandike na kusaini kazi aliyoifanya. Fundi wengi wa Nairobi hawana mazoea ya kuandika, lakini ukimwomba kwa heshima ataandika.

Andaa pia orodha moja ya marekebisho: kifaa, lini kilifungwa, nani alifunga, kingegharimu kiasi gani kukileta leo. Bei ya leo maana yake ni bei ya kifaa huko Japani au Uingereza, usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na wakala wa forodha. Watu husahau yote hayo wakaandika bei ya tovuti tu.

Ripoti ikitoka, isome kabla ya kuondoka. Hakikisha imetaja namba ya chesi inayoanza na HS30, ile iliyopigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, na namba ya injini iliyopo sasa. Imetaja kila rekebisho kwa jina? Ripoti inayosema "gari katika hali nzuri, shilingi 5,450,000" na kuishia hapo itakuangusha siku unayoihitaji.

Nikiandika thamani ndogo ili nilipe bima kidogo?

Tuchukue kiwango cha asilimia 4 kwa mfano. Kwa 5,450,000 utalipa 218,000 kwa mwaka. Ukiandika 3,800,000 utalipa 152,000. Umeokoa 66,000, mbali na tozo ndogo za kisheria.

Sasa gari liibwe. Utalipwa si zaidi ya 3,800,000. Umepoteza 1,650,000 ili kuokoa 66,000.

Hata ajali ndogo inaweza kukugusa. Mikataba mingine ina kifungu cha uwiano: ukikata bima pungufu ya thamani halisi, kampuni inakulipa kwa uwiano huohuo. Bima ya 3,800,000 kwa gari la 5,450,000 ni kama asilimia 70. Uharibifu wa milioni moja utalipwa takriban 697,000, kisha bado ukatwe sehemu ya hasara unayotakiwa kubeba mwenyewe. Tafuta kifungu hicho kwenye mkataba wako leo, kabla hujafika huko.

Kama pesa ni tatizo kweli, kuna njia safi zaidi. Kubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara mwenyewe, au omba punguzo kwa gari linaloendeshwa kwa kilomita chache na kulazwa mahali pa kufungwa. Usiipunguze thamani.

Na nikiandika kubwa kupita kiasi?

Kwenye mkataba wa thamani ya soko umelipa bure, kwa kuwa kampuni haitalipa zaidi ya bei halisi. Kwenye mkataba wa thamani iliyokubaliwa, namba isiyo na ushahidi inaweza kuonekana kama udanganyifu.

Lazima nitaje kila rekebisho?

Ndiyo, kila moja. Bima inasimama juu ya nia njema kabisa ya pande zote mbili, na anayeomba bima anawajibika kueleza kila jambo ambalo lingemfanya mwenye kampuni akubali, akatae au abadilishe bei. Injini yenye nguvu zaidi ni jambo la namna hiyo. Rimu pana pia, na tangi la mafuta lililohamishwa.

Najua wanaoficha kwa kuogopa kuongezewa ada. Ukificha, umeipa kampuni sababu ya kukataa fidia yote, pamoja na ile ya sehemu ambayo hukuigusa. Na unajinyima mwenyewe: kisichotajwa hakithaminiwi, na kisichothaminiwa hakilipwi. Kwa gari kama hili kutaja kunakulinda zaidi kuliko kunavyokugharimu. Jibu swali la marekebisho kwenye fomu ya maombi kwa kuambatanisha orodha yako, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

NTSA inaingiaje hapa?

Ukibadilisha injini au rangi, taarifa za gari zinapaswa kubadilishwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, ili logibuku ilingane na gari. Fanya hivyo kabla ya tathmini. Namba ya injini isiyolingana na logibuku ni mlango wa kwanza ambao mkadiriaji hasara ataugonga, na polisi pia watauliza gari likiibwa.

Kampuni inasema gari limepita umri, inanipa bima ya mtu wa tatu tu.

Hili ni la kawaida. Kampuni nyingi huwekea bima kubwa, ile inayolipia pia gari lako mwenyewe, kikomo cha umri, na gari la 1972 linakataliwa na kompyuta kabla halijaonwa na mtu. Usibishane na karani wa kaunta, hana mamlaka. Pitia kwa dalali wa bima anayeweza kupeleka faili lako kwa ofisa mwenye uwezo wa kukubali jambo lisilo la kawaida, na mwombe afisa huyo aje alione gari. Faili lenye ripoti nzuri, picha na maelezo ya mahali gari linapolala limewahi kubadilisha majibu ya watu wengi. Kama una gari jingine la kila siku, au bima ya nyumba, ziweke pamoja kwa kampuni hiyo; mteja wa vitu vitatu husikilizwa.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa sheria na inamlinda utakayemgonga. Gari lako haililipii hata senti.

Kioo cha mbele na redio?

Mikataba huweka kikomo kidogo kwa kioo na redio, na kikomo hicho kimepangwa kwa magari ambayo kioo chake kinapatikana mjini. Kioo cha mbele cha 240Z hukipati kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi. Omba kikomo kiongezwe hadi gharama ya kukiagiza kwa ndege au meli, kikiwa kimefungwa vizuri.

Nikilipeleka kwenye mashindano?

Kusimamishwa kwenye maonyesho kama Concours kwa kawaida si tatizo, lakini uliza. Rali, mbio za kupanda mlima na majaribio ya kasi hutengwa na mikataba ya kawaida. Unahitaji bima ya tukio husika. Usidhani kipande cha barabara kati ya hatua mbili za rali kimelindwa kwa sababu tu ni barabara ya umma.

Gari bado liko gereji, halijaisha.

Livishe bima ya moto na wizi kwa thamani ya lilipofikia, na uipandishe kila hatua kubwa inapokamilika. Muulize pia mwenye gereji kama ana bima ya magari ya wateja. Wengi hawana. Ganda la gari, injini iliyofunguliwa na maboksi ya vifaa vikiwa kwenye vibanda viwili tofauti, taja vibanda vyote viwili.

Tathmini ifanywe upya mara ngapi?

Kila mwaka unapokata bima upya, tazama kama namba bado ina maana. Ripoti kamili kila baada ya miaka miwili, au mara tu baada ya rekebisho kubwa. Thamani ya gari hili imefungwa kwenye yeni, pauni na dola, kwa sababu vipuri vyake vinatoka huko. Shilingi ikishuka, gharama ya kulijenga upya inapanda hata kama hujaligusa. Magari ya kawaida hupunguziwa thamani kila mwaka na kompyuta za kampuni za bima. Hakikisha lako haliingizwi kwenye utaratibu huo bila wewe kujua. Soma hati ya kukata upya, usisaini tu.

Likiangamia, mabaki ni ya nani?

Ukilipwa kikamilifu, mabaki ni ya kampuni. Ila kwa 240Z mabaki yana thamani ambayo kampuni haiioni: ganda lenye namba ya HS30, milango, vioo, hata vishikio. Weka kwenye mkataba, tangu mwanzo, haki yako ya kuyanunua kwa asilimia iliyokubaliwa. Ukingoja hadi baada ya ajali utashindana na wauza vyuma chakavu.

Niko Tanzania, au ninaishi Uingereza. Haya yananihusu?

Njia ya kufikiri ni ileile. Tanzania msimamizi wa bima ni TIRA, na huko pia "bima kubwa" ya kawaida hulipa kwa bei ya soko, kwa hiyo omba thamani iliyokubaliwa kwa maandishi. Uingereza kazi ni nyepesi zaidi: zipo bima maalumu za magari ya kale ambako thamani iliyokubaliwa ni jambo la kila siku, na klabu za wenye magari hutoa barua za thamani zinazokubalika, kwa picha na fomu tu.

Tumeshindwa kuelewana baada ya ajali. Nifanye nini?

Usisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho. Omba kwa maandishi jinsi kampuni ilivyopata namba yake: ililinganisha na magari gani, yaliuzwa wapi, lini, yakiwa na marekebisho gani. Mara nyingi ukiuliza hivyo hugundua ililinganisha na gari lisilofanana, au haikulinganisha na chochote. Jibu kwa ripoti yako na, ikiwezekana, ripoti ya mthamini wa pili aliyetazama mabaki. Mabaki yasiondolewe wala kufunguliwa kabla hajayaona. Waandikie kampuni uzuie hilo siku hiyohiyo.

Wakikataa bado, peleka malalamiko kwa Insurance Regulatory Authority, ambayo hupokea malalamiko ya wateja, ukiambatanisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe. Tazama pia kama mkataba una kifungu cha usuluhishi na muda wa kukitumia, kwa sababu muda huo huanza kuhesabiwa mapema na ukipita unaweza kupoteza haki ya kudai. Gari likiwa bado limesimama uani, tafuta wakili anayeijua bima kabla hujajibu barua yao ya pili.